Upofu wa rangi: je, mwanangu ameutoa kwetu?

*"Daktari, mimi ni mama wa watoto watatu na ninaishi karibu na Kimilili. Kifungua mimba ni msichana wa miaka 16, wa pili ni mvulana wa miaka 13 aliye Gredi ya 8, na kitinda mimba ni mvulana wa miaka 5. Muhula uliopita mwalimu wa sayansi alituita akatueleza kwamba katika jaribio la kupima tindikali, huyu wa Gredi ya 8 aliandika rangi ya machungwa na ya kijani kana kwamba ni moja, na si mara ya kwanza. Marehemu baba yangu alikuwa na shamba la kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na sote tulijua kwamba hachumi mwenyewe kwa sababu alikuwa akichanganya mbivu na mbichi. Mume wangu anaona rangi zote, na kwao hakuna aliyewahi kuwa na tatizo hili. Sasa inasemwa nyumbani kwamba nimeingiza ugonjwa wa kwetu katika boma la watu. Je, ni kweli? Hawa watoto wengine itakuwaje? Kaka yangu ana wavulana watatu, na mdogo wangu wa kike anatarajia kuolewa Desemba. Naye amwambie mchumba wake? Tumeshauriwa tumpe mtoto karoti na mafuta ya samaki, na kuna mtu Nakuru anayeuza miwani ya shilingi 18,000 anayosema inaponya. Mwalimu naye anaona mtoto asichague mkondo wa sayansi."*

Mama, nitaanza na lile ambalo naona ndilo linalokukosesha usingizi. Wakwe zako wamepatia njia, ila wamekosea hukumu. Ikiwa mwanao ana upofu wa rangi wa aina ninayoidhania, basi ni kweli ulipitia kwako, na kabla ya kufika kwako ulikuwa kwa baba yako. Sitakuficha jambo hilo ili kukufariji, kwa maana faraja ya uongo haikai. Lakini kupitia kwako si sawa na kusababishwa nawe. Hakuna ulichokula wala kukosa kula, hakuna hofu uliyopata ukiwa mjamzito, wala kosa la mtu yeyote, hai au marehemu, ambalo lingeweza kulileta au kulizuia jambo hili. Hata neno "ugonjwa" halifai hapa, kwa sababu aina hii ya kurithiwa haimuumizi mtu, haizidi kadiri anavyokua, na haimpeleki kwenye upofu wa kutoona.

Jina lenyewe ndilo linalotutia hofu bure. Anaposikia "upofu wa rangi", mtu hudhani kwamba mtoto anaiona dunia kama picha ya zamani ya nyeusi na nyeupe. Wanaoona hivyo wapo, lakini ni wachache mno, na hali yao ni nyingine kabisa, kama nitakavyoeleza baadaye. Mwanao anaona rangi. Anaona samawati ya anga na manjano ya ndizi mbivu pengine sawasawa na wewe. Kinachomtatiza ni upande mmoja wa rangi, ule wa nyekundu, kijani, machungwa na kahawia, ambazo kwake husogeleana hadi nyingine zikafanana. Ndiyo maana, nikikisia kutokana na maelezo yako, hakushindwa na karatasi ya litmasi, ambayo hubadilika kati ya nyekundu na buluu, bali alishindwa pale kipimo kilipotoa machungwa mahali pamoja na kijani mahali pengine. Uliza mwalimu, nadhani atakubaliana nami.

Ili uelewe kwa nini rangi hizo tu, tuingie ndani ya jicho kidogo. Nyuma ya jicho kuna utando unaoitwa retina, na katika retina mna seli zinazopokea mwanga. Zile za kuonea rangi huitwa koni, na kila jicho lina takriban milioni 6. Koni ni za aina tatu. Ya kwanza huitikia zaidi mwanga wa mawimbi mafupi, karibu na buluu. Ya pili mawimbi ya kati, karibu na kijani. Ya tatu mawimbi marefu, upande wa manjano na nyekundu. Koni moja peke yake haijui rangi. Ubongo ndio unaolinganisha ripoti za koni mbalimbali, kama hakimu anayesikiliza mashahidi watatu, kisha ukaamua kwamba hili ni jani na lile ni ua. Sasa, shahidi wa buluu anakaa mbali na wenzake, lakini wa kijani na wa nyekundu wanakaribiana sana: kilele cha mmoja kiko karibu nanomita 530 (nanomita ni kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga) na cha mwingine karibu 560. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotuwezesha kuiona nyanya mbivu katikati ya majani. Shahidi mmoja akikosekana, au ushahidi wake ukifanana mno na wa mwenzake, ubongo hauna cha kulinganisha upande ule, na nyanya hupotea ndani ya majani.

Kila koni hutengeneza protini yake kwa kufuata maagizo ya jeni, yaani kipande cha urithi tunachopewa na wazazi. Jeni hukaa kwenye nyuzi ndogo ndani ya seli ziitwazo kromosomu. Jeni ya koni za buluu iko kwenye kromosomu namba 7, ambayo wanaume na wanawake wote wanazo mbili. Jeni za nyekundu na kijani, kwa upande mwingine, zimekaa pamoja karibu na ncha ya kromosomu X, moja nyuma ya nyingine, na zinafanana kwa zaidi ya sehemu 95 katika kila 100. Kufanana huko ndiko chanzo cha mambo yote. Mayai ya mwanamke yanapoanza kuundwa, kromosomu zake mbili za X hulala ubavu kwa ubavu na kubadilishana vipande. Jeni mbili zinazofanana namna hii hukosea kupangana kwa urahisi, kama mtu anayefunga vifungo vya shati akaruka tundu moja, na matokeo yake ni kwamba X moja hutoka ikiwa imepungukiwa na jeni ya kijani, au ikiwa na jeni chotara, nusu ya huku na nusu ya kule. Kosa hilo lilitokea zamani katika nasaba nyingi duniani, na tangu hapo limekuwa likirithishwa kimyakimya. Na kwa kuwa maandalizi ya mayai huanza mwanamke mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake, utaona jinsi lilivyo jambo la ajabu kumlaumu kwa alichofanya akiwa mke wa mtu.

Mwanamke ana X mbili, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Mwanamume ana X moja, ambayo daima hutoka kwa mama yake, na Y moja kutoka kwa baba. Kwa hiyo mwanamume akipata X yenye hitilafu hana nyingine ya kumsaidia, ilhali mwanamke mwenye hitilafu kwenye X moja huwa na ya pili iliyo nzima, na hiyo humtosha. Huyo ndiye tunayemwita mbebaji: yeye anaona vizuri, lakini anaweza kuirithisha. Baba yako, ikiwa alikuwa na hali hii, alikuwa na X moja tu, na hakuna binti yake aliyeweza kupata nyingine. Alikupa hiyohiyo. Kwa hiyo huhitaji kupimwa ili kujua kama wewe ni mbebaji. Umezaliwa hivyo kwa hakika, na mdogo wako vilevile.

Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo ugomvi wa boma lenu ulipozaliwa. Sisi wa huku magharibi huhesabu ukoo kwa upande wa baba. Mtoto huchukua ukoo wa baba yake na babu yake mzaa baba, na ukitazama vizuri utaona kwamba ukoo unatembea njia ileile ya kromosomu Y, kutoka kwa mwanamume hadi kwa mwanamume. Upofu wa rangi wa nyekundu na kijani hautembei njia hiyo hata kidogo. Baba hawezi kumrithisha mwanawe wa kiume, kwani anachompa ni Y. Unatoka kwa babu, unajificha kwa binti, unaondoka naye anapoolewa, kisha unajitokeza kwa mjukuu aliye na jina la ukoo mwingine kabisa. Wazee waliohesabu watu wa ukoo wao kwa vizazi kumi wangeweza kabisa kutouona mpangilio wake, maana kila mara ulikuwa ukihamia boma jingine. Anaposema mama mkwe wako kwamba "kwetu hakuna", anasema kweli kuhusu wanaume aliowaona. Lakini wanawake wabebaji hawaonekani kwa macho, na pengine mabinti wa boma hilohilo wameupeleka Webuye au Malava bila mtu kujua.

Nimewahi pia kusikia watu wakisema kwamba hali hii huja kwa sababu ya kuoana ndugu, na kwamba kwa kuwa mila zetu zinakataza kuoa katika ukoo wako au wa mama yako, basi lazima kuna siri iliyofichwa. La hasha. Katazo hilo lina faida kwa hali zile ambazo mtoto huhitaji kurithi hitilafu kutoka kwa wazazi wote wawili. Ule upofu kamili wa rangi nilioutaja, wa kuona nyeusi na nyeupe, ni mojawapo. Unajulikana sana katika kisiwa cha Pingelap, katika Bahari ya Pasifiki, ambako kimbunga cha karibu mwaka 1775 kiliacha watu wachache hai na vizazi vilivyofuata vikalazimika kuoana wao kwa wao. Kwa hali ya mwanao, X moja ya mama inatosha. Ungeolewa Turkana au Lamu, hesabu ingekuwa ileile.

Tuje kwa hesabu yenyewe, mtoto mmoja mmoja. Kila unapopata mtoto wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kupata X ya baba yako au ile uliyopewa na mama yako. Ni kama kurusha shilingi hewani, na shilingi haikumbuki ilivyoanguka jana. Kwa hiyo kitinda mimba wako hajakingwa kwa sababu kaka yake amepata, wala hajahukumiwa. Ana nafasi ya nusu, na ana umri wa kutosha kupimwa sasa. Binti yako wa miaka 16 hawezi kuwa na hali hii kwa njia hii ya kurithi, kwa sababu amepata X nzima ya baba yake, lakini ana nafasi ya nusu ya kuwa mbebaji. Mwanao wa Gredi ya 8 naye, akija kuoa, hatamrithisha mtoto wake yeyote wa kiume. Mabinti zake wote watakuwa wabebaji, kama ulivyo wewe kwa baba yako.

Kaka yako na alale usingizi. Alipata Y ya baba yenu, na X yake ni ya mama yenu. Ikiwa yeye mwenyewe anaona rangi vizuri, hana cha kuwarithisha wavulana wake watatu, na wangekuwa mabinti ningesema vilevile. Ni ajabu kidogo, sivyo? Mjukuu wa babu anayebeba jina lake na kurithi shamba lake la kahawa ndiye asiyeweza kupata macho yake kwa njia hii, na yule wa binti aliyeolewa mbali ndiye aliyeyapata.

Mdogo wako ni mbebaji, na kila mvulana atakayemzaa atakuwa na nafasi ya nusu. Je, amwambie mchumba wake? Kwa maoni yangu amwambie, kwa wepesi ule ambao mtu humwambia mwenzake kwamba kwao watoto huzaliwa mapacha au kwamba baba yake alipata kipara mapema. Asilifanye kuwa ungamo. Kuna swali moja tu ambalo lina maana ya kitabibu, nalo ni kama mchumba mwenyewe anachanganya rangi. Akiwa naye ana hali hiyohiyo, hata mabinti wao watakuwa na nafasi ya nusu ya kuwa nayo, na hilo huenda ndilo wangependa kulijua mapema. Bado si sababu ya kuvunja harusi.

Ndiyo, wanawake wenye upofu huu wapo, ingawa ni wachache sana, kwa kuwa lazima X zote mbili ziwe na hitilafu. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, kiasi cha 8 katika kila 100 wana hali hii. Kwa Waafrika idadi iliyopatikana huwa ndogo zaidi, mara nyingi kati ya 2 na 4. Tuchukue 3. Uwezekano wa mwanamke kupata X mbili za namna hiyo ni 3 kwa 100 mara 3 kwa 100, yaani wanawake 9 katika kila 10,000. Nakupa hesabu hii pia kwa sababu nyingine. Shule yenye wavulana 500 inaweza kuwa na kumi na watano kama mwanao, na sidhani kama walimu wa shule hiyo wanamjua hata mmoja wao.

Kuhusu wabebaji nina jambo moja la ziada. Mwaka 1961 mwanasayansi wa Uingereza, Mary Lyon, alieleza kwamba katika kila seli ya mwili wa mwanamke X moja huzimwa mapema akiwa bado kiinitete, na seli tofauti huzima X tofauti. Retina yako kwa hiyo ni kama shuka la viraka: kiraka hiki kinafuata maagizo ya X ya baba yako, na kile kinafuata ya mama yako. Viraka vilivyo sawa hutosha, ndiyo maana huoni upungufu. Wachache miongoni mwa wabebaji hutatizika kidogo na rangi hafifu, hasa katika mwanga mdogo. Kipimo cha kawaida cha macho hakimtambui mbebaji, na kipimo cha DNA sikioni kuwa na faida kwa binti yako. Kingegharimu fedha nyingi ili kumwambia jambo lisilohitaji tiba.

Elimu hii si ya jana. John Dalton wa Manchester, aliyekuja kusifika kwa nadharia yake ya atomu, aliwaeleza wenzake mwaka 1794 kwamba yeye na kaka yake hawaoni rangi kama watu wengine. Alidhani kwamba ute ulio ndani ya jicho lake ni wa buluu, akaagiza macho yake yachunguzwe akifa. Alipofariki mwaka 1844 ute ulikutwa safi kabisa. Kipande cha jicho lake kilihifadhiwa, na mwaka 1995 watafiti waliposoma DNA yake walikuta amekosa jeni ya koni za kijani. Mwaka 1876 daktari wa macho wa Uswisi, Horner, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba hali hii hutoka kwa babu hadi kwa mjukuu kupitia kwa binti, na mwaka 1911 Mmarekani E. B. Wilson akaihusisha na kromosomu X. Zingatia, Mama, kwamba huyo Dalton alikuwa mwanakemia.

Hilo linanipeleka kwa mwalimu wa mwanao, ambaye namshukuru kwa kuona kile ambacho wengi hawakioni, ila sikubaliani na ushauri wake. Mkondo wa sayansi ni mpana, na sehemu inayotegemea kutambua rangi kwa jicho tupu ni ndogo. Ni kweli kwamba kuna kazi chache ambazo kipimo cha rangi ni sharti: urubani, uendeshaji wa treni na ubaharia ni miongoni mwazo, na mvulana anayeziota afadhali ajue sasa kuliko akiwa na miaka ishirini. Ufundi wa umeme unahitaji tahadhari kubwa kwa sababu ya nyaya. Lakini kuna madaktari, wahandisi, wataalamu wa kilimo na wa kompyuta wengi wenye hali hii. Katika maabara, kiashiria (kemikali inayobadilika rangi kuonyesha tindikali) cha fenofthalini, kinachotoka kutokuwa na rangi hadi waridi, huwa rahisi kwake kuliko methili ya machungwa. Akiwekewa karatasi nyeupe chini ya chupa, na kando yake chupa nyingine iliyokwisha kufika kikomo ili alinganishe, hali hubadilika sana. Mzungumze na mwalimu mkuu mapema, mkiwa na barua ya daktari, kuhusu utaratibu wa mitihani ya vitendo. Msisubiri hadi wiki ya mtihani; nimeona familia zikija kwangu Kisumu na barua ikitakiwa kesho yake, na wakati huo huwa hakuna la kufanya.

Darasani, mwalimu aepuke chaki nyekundu kwenye ubao wa kijani, na ramani zitiwe alama za mistari au herufi pamoja na rangi. Penseli zake za rangi ziandikwe majina. Nyumbani utagundua mambo madogo ambayo labda ulimgombeza bila kujua: taa ndogo ya chaja inapogeuka kutoka nyekundu kuwa kijani, nyama ambayo haijaiva katikati, soksi zisizolingana, au Gor Mahia wakicheza kwa kijani dhidi ya timu yenye jezi nyekundu naye akauliza nani kapiga pasi. Akiwa mtu mzima barabarani, taa nyekundu iko juu na ya kijani iko chini, na hujifunza hivyo haraka.

Karoti mpe, kwa kuwa ni chakula kizuri. Vitamini A ina kazi kubwa katika jicho, na ukosefu wake huleta kutoona usiku na hata upofu, lakini haiongezi jeni ambayo haipo. Mafuta ya samaki ni vivyo hivyo. Miwani ya Nakuru usinunue kwa matumaini ya tiba. Miwani ya namna hiyo huchuja baadhi ya mawimbi ya mwanga, hivyo rangi fulani huonekana kukolea zaidi na nyingine hupotea. Wapo watu wanaoifurahia, na hilo ni haki yao. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Granada, Uhispania, waliijaribu miwani inayotangazwa sana na hawakukuta kwamba inamfanya mtu aone rangi kama wengine. Ukiivua, uko ulipokuwa. Shilingi 18,000 ni karo, Mama. Tiba ya jeni imejaribiwa kwa tumbili wa kiume wasioona nyekundu, nchini Marekani, na mwaka 2009 ilitangazwa kwamba waliweza kuitambua rangi hiyo. Kwa binadamu wenye hali ya mwanao hakuna tiba iliyoidhinishwa, na anayekuambia anayo anakuuzia kitu kingine.

Yote niliyosema yanasimama juu ya sharti moja, kwamba mwanao ana aina hii ya kurithiwa, na mimi sijamwona. Lazima apimwe. Kipimo ni kile kitabu cha vidoa vya rangi ambacho ndani yake mna namba zilizofichwa. Kilitungwa na Mjapani Shinobu Ishihara mwaka 1917 na bado tunakitumia. Kwa namna fulani, baba yako alikuwa akifanya kipimo hichohicho kila msimu: tunda jekundu lililofichwa kati ya majani na matunda ya kijani yasiyotofautiana nalo ila kwa rangi. Usimpime kwenye simu, kwa kuwa kioo cha simu hubadilisha rangi. Wala usimpime kwa kumuuliza majina ya rangi, hasa huyu mdogo wa miaka 5, kwa maana kutojua jina si kutoona; ziko lugha ambazo neno moja hutumika kwa kijani na buluu, na wasemaji wake wanaziona zote mbili bila shida. Asiyejua namba afuatishe kwa kidole mstari wenye rangi. Kitengo cha macho cha hospitali ya rufaa ya Bungoma kiko karibu nawe; ukikuta hakuna kitabu hicho, Hospitali ya Macho ya Sabatia kule Vihiga au hospitali ya rufaa ya Eldoret si mbali sana.

Wakati huohuo daktari atatazama mambo ambayo barua haiwezi kuyaona. Mwanao akiwa aliwahi kuzijua rangi vizuri na sasa anazikosea, au jicho moja linaona rangi tofauti na jingine, au maandishi ubaoni yamekuwa na ukungu, basi huenda si urithi huu na usichelewe hata wiki moja. Dawa ya ethambutoli, inayotumika kutibu kifua kikuu, inaweza kudhuru mshipa wa fahamu wa jicho, na dalili yake ya mapema mara nyingi ni kuchanganya nyekundu na kijani. Kama kuna mtu nyumbani anayeitumia na akalalamika hivyo, aende kituo cha afya siku hiyohiyo, wala asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Mtoto anayekwepa jua na macho yake yakichezacheza tangu uchanga anahitaji uchunguzi wa aina nyingine. Na msichana anayechanganya rangi ilhali baba yake anaziona zote naye apelekwe, kwa sababu hesabu niliyokupa haimwelezi. Huenda jicho lina tatizo jingine, au, mara chache, amezaliwa na X moja tu.

Nenda na mumeo, na wavulana wote wawili. Daktari akimaliza, mwombe awachoree kwenye karatasi X ya babu ilivyosafiri hadi kwa mjukuu, na mumeo ndiye aibebe karatasi hiyo hadi kwa mama yake, kwa sababu maneno hayohayo yakitoka kinywani mwako yataonekana ni utetezi.